Tarehe Tatu Novemba Iliyogeuka Machi

Mpendwa Gudveig, naomba msaada kabla sijaumbuka, maana wivu umenikaa kooni na sasa umeanza kuwagusa watu wasio na hatia.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nipo hapahapa Bergen, kazi yangu kuandika programu, na mfumo wa miadi wa kliniki za macho nimeulea kwa mikono yangu miaka kumi na moja, mpaka Agosti alipokuja Jannike, binti wa miaka thelathini aliyerudi kutoka Seattle, na bosi wetu Sigbjørn, ambaye miaka yote alikuwa akija na mkate wake wa jibini ya kahawia kula mezani kwangu, siku ya tatu tu akahamia mezani kwa binti huyo, na usinielewe vibaya, simtaki Sigbjørn, nina mume, lakini roho iliniuma hata chakula kikanishinda.

Basi Jannike akapewa kuandika upya ukurasa ambao watu wa mapokezi huingizia tarehe za wagonjwa, na sisi huku tunaanza na siku ndipo mwezi, yeye akaiacha seva isome kama alivyozoea kule Marekani, mwezi kwanza, na siku ya kuonyesha kazi Sigbjørn akasema, “Haya, tuijaribu,” na Mnorwe akiambiwa ataje tarehe yoyote atataja ipi kama si 17 Mei, sikukuu yetu ya taifa, ikaandikwa 17.5, na kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na saba mfumo ukaigeuza wenyewe ukaisoma sawasawa, wakajaribu mkesha wa Krismasi, 24.12, nao ukapita, watu wakapiga makofi, keki ikaletwa. Nikasema, “Jaribuni tarehe nne mwezi wa sita.” Jannike akacheka: “Dada Oddrun, kula keki bwana, mwenye wivu ajinyonge.” Wakacheka wote, na Sigbjørn akiwemo, nami nikala keki.

Alasiri ile, mapokezi wakiwa wameshaanza kuutumia ukurasa, nikafungua hifadhidata. Kuanzia tarehe kumi na tatu mpaka mwisho wa mwezi mambo shwari, lakini za tarehe moja hadi kumi na mbili siku imekuwa mwezi na mwezi umekuwa siku, na mfumo haukulalamika hata kidogo. Sikusema siku ile, wala kesho yake, leo ni siku ya tisa, maana Alhamisi wakuu wa kliniki wanakuja na Sigbjørn atamtangaza kiongozi mpya wa timu, na nilishapanga nitasema mbele yao wote nimwone Jannike anavyobadilika rangi.

Ila jana nimekutana kwenye ngazi na jirani yangu Arnljot, mwalimu wa muziki mstaafu, akaniambia, “Mama, mbona kliniki hawajanitumia ujumbe? Sindano yangu ya jicho ni tarehe tatu Novemba, na hili ndilo jicho lililobaki.” Nikamjibu, “Ujumbe utakuja tu, baba.” Nikaingia ndani nikaangalia, kumbe ameandikwa 11 Machi, iliyokwisha pita zamani, ujumbe hautakuja kamwe na nafasi yake ameshapewa mtu mwingine.

Mshauri, niseme sasa nimwokoe yule binti na aibu, au ningoje Alhamisi, ni siku nne tu?

Mwenye roho nyeusi, Bergen

*

Mama mwenzangu, majina nimeyabadilisha, aibu nimeiacha kama ilivyo.

Wivu wa kazini naujua. Unalea kitu miaka kumi na moja, anakuja mwingine analishwa keki yake mbele yako, halafu unaambiwa ujinyonge. Huo ulikuwa utovu wa adabu, na Sigbjørn aliyecheka naye ni mtu mzima ovyo. Lakini tazama barua yako. Jannike umemwandikia ukurasa mzima, jicho la mzee wa watu mistari mitatu. Alasiri ile kosa lilikuwa la Jannike. Kuanzia kesho yake likawa lako, maana yeye hajui na wewe unajua. Ukamtazama usoni mtu mwenye jicho moja ukamwambia ujumbe utakuja tu? Hapo ulinikera, sikufichi.

Sasa nisikilize. Leo, si Alhamisi, nenda kwa Jannike, mweleze mkiwa wawili, kisha mwende pamoja kwa bosi. Ukurasa ule usimamishwe. Msikurupuke kugeuza tarehe zote, kwa sababu za kumi na tatu kwenda mbele ni sahihi na mtaziharibu. Chukueni zilizoingizwa tangu ukurasa uanze, za siku ya kwanza hadi ya kumi na mbili, na kila mgonjwa apigiwe simu. Mpwa wangu anayefanya kazi kama yako ameniambia tarehe ihifadhiwe kwa namna moja tu, mwaka, mwezi, ndipo siku, halafu skrini imwonyeshe kila mtu kwa desturi ya kwao. Nadhani wewe ulikuwa ukifanya hivyo miaka yote, na ungelisema hilo kwa ustaarabu pengine keki ingekuwa yako. Na mkijaribu tena, 17 Mei iachieni bendera na gwaride.

Barua yako ilinifikia jana asubuhi, nami sikungoja gazeti litoke. Nimezipigia kliniki simu, wamesitisha ukurasa na wanawatafuta wagonjwa. Arnljot amepatikana, na tarehe tatu Novemba amerudishiwa nafasi yake.

Jina lako sikulitaja. Ila leo Sigbjørn atauliza ofisini nani alijua, na tangu lini. Mtajie tarehe ya kweli.

Gudveig