Mchanga Kwenye Ndoo Nyekundu

Newala,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa Mwalimu Anyosisye anayekuja likizo huko Tukuyu, naye atakuhakikishia kwamba ameniacha mzima. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe ameshazaa? Kaka amenipigia simu akasema hulali tangu uliposikia kiwanda chetu cha korosho kimeungua na mimi nikiwa ndani. Mama, lala. Kiwanda bado kipo, vidole vyangu kumi ninavyo, na hapa naandika huku natafuna muhogo. Kaka namjua kwa kutia chumvi, kwa hiyo ngoja nikueleze mwenyewe.

Miezi michache iliyopita meneja alinikabidhi kazi ya kutuandaa kwa ajili ya moto. Mimi natunza stoo tu, sina mafunzo yoyote, lakini alisema nina mwandiko mzuri na sauti kubwa. Nikavimba kichwa. Nikapaka ndoo nane rangi nyekundu, nikazijaza maji, nikazitundika ukutani. Nikaning'iniza rimu ya gari iwe kengele. Siku ya zoezi la kwanza nikaigonga, wanawake wanaobangua wakakimbilia mlangoni, halafu wote wakainama: kila mmoja anatafuta ndala zake kwenye lile rundo! Ilibidi turudie zoezi mara nyingi mpaka wakazoea kutoka peku.

Ndala niliziweza. Ndoo ndizo zilinishinda, maana kila nikizikagua nazikuta tupu. Aliyekuwa anachota wala hakujificha. Ni Mama Shakila, anayechochea tanuru, mtu mzima wa rika lako, mjane anayelea wajukuu watatu.

"Shikamoo, Mama Shakila. Maji ya kwenye ndoo yako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimewapa wanaonyonyesha, wanywe. Bomba wiki ya pili hii halijatoa kitu. Yakae ukutani tunayatazama tu?"

"Lakini ni ya kuzimia moto!"

"Moto haujaja, mwanangu. Kiu imeshakuja."

Mama, unajua nilivyokulia kwenye mvua. Kwetu maji yanapita mlangoni na hakuna anayeyajali. Huku watu wanaamka alfajiri kufuata ndoo moja bondeni. Nilikuwa nawaona kila siku, ila kichwani hayakuniingia. Nikaenda kumshtaki kwa meneja, naye akaniagiza niandike barua ya onyo. Nikaiandika kwa ule mwandiko wangu mzuri. Mama Shakila hajui kusoma, akaipokea na kunirudishia palepale.

"Nisomee, mwanangu."

Nikamsomea. Alisimama ameegemea koleo lake, kila sentensi anaitikia "haya". Niliona aibu, lakini sikurudi nyuma.

Wiki iliyofuata, ndoo nilizozijaza upya kwa maji ya kununua, tupu tena. Kwa hasira nikazijaza mchanga, nikasema haya sasa, nione nani ataunywa. Kisha nikaandika barua ya kumwachisha kazi, nikaiweka kwenye droo isubiri meneja arudi kutoka Mtwara aitie sahihi.

Alhamisi asubuhi, kabla meneja hajarudi, mafuta ya maganda ya korosho yaliyokuwa yamevuja chini ya tanuru yakashika moto. Moshi mweusi ukajaa. Mmoja akagonga rimu, na wanawake wakatoka peku, hakuna aliyeinama hata mmoja. Mimi sasa, mkuu wa maandalizi, nimeganda mbele ya tanuru napiga kelele, "Maji! Leteni maji!" Mama Shakila akanisukuma kando, akashusha ndoo ya mchanga, akamwaga kuanzia pembeni ya moto, akarudi na nyingine, na nyingine, mpaka ukazimika. Kule getini walikuwa wanahesabiana kama nilivyowafundisha. Wakakuta wamepungua wawili, Mama Shakila na mimi niliyewafundisha.

Kesho yake akaja ofisa wa zimamoto kutoka Masasi. Akaziangalia ndoo, akauliza nani alishauri tuweke mchanga. Nikajifanya nazipanga ndoo. Akasema, "Mmefanya vizuri sana. Mafuta yakishawaka, ukiyamwagia maji yanaruka na moto wake. Huyu mama angeungua mwili mzima."

Mama, ndoo zile zingekuwa kama nilivyotaka mimi, maji ningeyamwaga kwa mikono yangu, na Mama Shakila amesimama palepale. Niliingia stoo nikalia. Nikacheka, nikalia tena. Sijawahi kushukuru hivyo maishani mwangu.

Meneja aliporudi nilimweleza yote, bila kujificha. Barua ya onyo ikafutwa. Ile ya pili nikaitoa kwenye droo, nikampelekea Mama Shakila pale tanuruni.

"Nisomee," akasema.

"Hii siwezi kuisoma, Mama. Naomba unisamehe."

Akanitazama kidogo, akaelewa. Akafungua mlango wa tanuru kwa koleo lake, nikaitupa ndani.

"Haya yamekwisha, mwanangu," akasema. "Na maji ya kunywa je?"

Sasa tuna pipa la maji ya kunywa kando ya ndoo za mchanga, na anayelisimamia ni yeye.

Nisalimie Baba Mdogo, fundi wetu wa viti, na Bibi, mwambie dawa yake ya kifua naitafuta. Mama Lugano, jirani yetu anayekusomea barua hii, naye msalimie sana, na asiruke mahali nilipoaibika.

Na wewe Mama, jioni ukishaosha vyombo, yale maji yanayobaki kwenye ndoo, najua huko yapo tele. Usiyamwage.

Ni mimi mwanao,
Tusajigwe