Kidole cha Gari Kilichobaki Mfukoni Mwako

Mpendwa Papa Odette,

Mukecuru aliwaka jana. Nakuambia hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua: ungeingia leo hapa mlangoni, ungeuliza habari za injini kwanza, halafu ndipo ukumbuke kwamba una mke. Amewaka, na wewe hukuwepo, na tangu jana sijui nifanye nini na moyo wangu.

Unakumbuka siku ulipomleta hapa Kanyosha? Mwalimu mmoja wa Kizungu alikuwa anarudi kwao, akakuuzia gari lake la Kifaransa, refu, rangi ya maziwa, lenye viti vilivyochoma mapaja jua likiwaka. Tayari lilikuwa la zamani, ndiyo maana mtaa mzima ukaliita Mukecuru, bibi kizee. Nilifurahi juma zima. Baadaye nikaanza kukwambia umeniletea mke mwenza, na hukuwahi kunibishia.

Maana hakuna siku aliyokuwa mzima. Leo radieta inavuja, kesho maji yameingia kwenye oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa, na wewe unaingia ndani na uso wa mtu aliyefiwa: "Joint ya culasse imekufa, Mama Odette," ndiyo ile gasketi ya kichwa cha injini. Mshahara wako wa bandarini, kule ulikokuwa ukihangaikia karatasi za mizigo ya watu, ulipita nyumbani kutusalimia tu, ukaendelea na safari hadi kwa mafundi. Kioo cha mlango wa nyuma kilianguka ndani ya mlango, ukakipandisha na kukikaza kwa kipande cha mti. Sakafu ililiwa na kutu hadi Odette akawa anaitazama barabara ikipita chini ya miguu yake. Alipapenda sana mahali pale. Kiatu chake kimoja cha shule kilitumbukia hapo na hatukukiona tena, na nilipokugombeza ulicheka hadi ukashika ukuta.

Damareri, ile mota ya kuwashia injini, nayo ilipokufa hukununua nyingine. Ulisema majirani wapo. Kila asubuhi ulisimama nje na kuita, "Mutusaidie kusukuma, gari imekatala!" na watu wakatoka na miswaki midomoni, wengine na vitenge vya kulalia, wakasukuma. Mimi niliona haya. Wewe uliniambia, "Wache wacheke. Iyi gari ni muzee, inaombaka adabu." Baadaye, vita vilipoanza, mitaa ikagawanyika na watu wakahama usiku bila kuaga, tulijua nani ameondoka kwa kuona nani hakuja kusukuma. Mikono ikapungua. Mwishowe tulikuwa mimi, wewe, na mama wa nyumba ya pembeni mwenye mgongo mbaya.

Kisha nchi jirani zikatufungia mipaka. Vipuri vikawa vinapita kwa kujificha ziwani kutoka Kigoma, petroli ikauzwa kwa chupa kama dawa. Na magari yakaanza kuchukuliwa. Hapo ndipo ulipoanza ile desturi yako. Kila jioni ulifungua boneti, ukafungua kifuniko cha delko, ukatoa kile kipande kidogo cheusi kinachozunguka ndani na kugawa moto kwa plagi. Ulikiita kidole. Bila kidole, mwizi hata awe na ufunguo wa dhahabu, gari haliwaki. Ulikifuta kwa mkono wa shati, ukakitia mfuko wa kifuani, ukapiga mfuko kidogo kwa kiganja. Ulilala nacho chini ya mto. Shuka zetu zilinuka gereji, nami nikakuambia kwamba watu wengine hulala na rozari.

Ile Jumamosi Mukecuru hakuwa na petroli hata tone. Kesho yake Odette alikuwa apokee komunio ya kwanza, na ulikuwa umeshaapa. "Mutoto wangu hatakanyaga vumbi na ile robe mweupe. Apana. Mukecuru ndiye atamupeleka." Ulisikia bandarini kuna boti imeleta mafuta, ukachukua bido, dumu letu la mafuta, ukaenda kwa miguu. Kidole kilikuwa mfukoni tangu jana yake. Pale mlangoni uligeuka, nikadhani unataka kunibusu, kumbe wapi. "Utie maji mu radiatere. Niko narudia."

Nilitia maji.

Mpakuzi mmoja wa bandarini alikuja kuniambia alikuona mchana ukiwa na bido begani, limejaa, unaelekea nyumbani. Kwa hiyo ulipata. Mara nyingi huwa nalifikiria hilo, kwamba ulipata. Halafu bunduki zikalia upande wa barabara ya kusini, hii ya kuja kwetu, hadi jioni. Nilikutafuta hospitalini, nikakutafuta kwa mapadri, nikatazama miili ambayo sitakueleza. Wewe hukuwemo. Komunio haikufanyika, na ile robe, gauni lake jeupe, ilibaki kwenye msumari hadi Odette akaizidi.

Basi nikangoja. Mafundi walikuja, mmoja baada ya mwingine, wakasema, "Mama, iyi ni kitu kidogo tu, nitakutafutia ingine." Nikawajibu, "Apana. Mwenyewe iko nayo, anakuja." Wakanitazama kwa huruma, kisha wakaacha kuja. Niliuza redio ya Mukecuru tukala. Niliuza tairi lake la akiba tukala. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Lakini kidole kingine sikukubali, na nitakuambia ukweli wote: niliona kwamba siku gari litakapowaka kwa kidole kisichokuwa chako, ndiyo siku nitakuwa nimekubali umekufa. Maadamu lilinyamaza, ulikuwa bado njiani. Na kila Jumamosi nilitia maji kwenye radieta kama ulivyoniagiza. Yote yalivuja. Lengalenga, mchicha wetu, ziliota chini ya gari, nene, nikazichuma nikapika, na kila nilipozila nililia.

Odette sasa ni mwanamke. Anauza vitenge, na bunduki zimepungua, na kila siku anabeba mabalo ya vitenge kichwani kutoka bandarini. Majuzi aliniletea fundi wa Cibitoke mwenye betri na kidole alichokitoa kwenye gari bovu. Nikasimama mbele ya boneti. Nikamwambia Odette asimuue baba yake. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya mgeni. Hakupandisha sauti. "Mama, mi sitangoja tena. Iyi gari ni ya Papa, na mi ni wa Papa. Sisi wawili tumekaa sana."

Nikasogea.

Jana majirani wakasukuma. Wengi wao ni watu wapya, hawakujui. Mukecuru alikohoa, akatoa moshi mweusi uliofukuza kuku wote, akawaka. Ni sauti ile ile, Papa Odette, ile ya kukwaruza kooni. Miaka yote hii masikio yangu yaliamini kwamba sauti hiyo haiwezi kuja bila wewe. Nikakimbilia dirisha la dereva. Alikuwa ameketi Odette, anacheka na kulia, na ana pua yako.

Jioni alizima gari, akafungua boneti. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa bado na meno ya utoto ulipoondoka. Akatoa kidole, akakifuta kwa mkono wa blauzi, akakitia kifuani na kupiga kidogo kwa kiganja. Kisha akachukua mkoba wake atoke kidogo kwa rafiki. Nikapiga kelele nisiyoijua mimi mwenyewe. "Apana kutoka nayo! Iweke! Iweke hapa!"

Tulipigilia msumari karibu na mlango, chini kidogo ya ule wa robe. Kidole kipya kinalala hapo. Anayetoka anakiacha, hata kama anakwenda dukani tu. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yako sasa.

Chako baki nacho. Popote ulipolala, kama mfuko bado upo, kiwe humo. Mwanao hakanyagi tena vumbi. Usihangaike kurudi kwa ajili ya gari, mume wangu, gari linawaka. Kesho ni Jumamosi, na fundi ameziba radieta. Sijui nitafanya nini na yale maji.

Lala salama.

Mkeo,
Mama Odette