Harufu ya Kochi la Mama Mkwe

Alhamisi jioni. Tangu Jumapili mvua haijakata hapa Bagara. Si mvua kubwa, ni yale manyunyu ya kudumu yanayofanya nguo zisikauke wiki nzima. Naandikia jikoni kwa sababu sebuleni siwezi kukaa.

Sebule yangu inanuka mkojo.

Basi, nimeliandika. Wiki tatu nimekuwa nikisema "unyevu", nikisema "hewa nzito". Ni mkojo wa mama mkwe wangu, umeingia kwenye kochi mpaka ndani ya sponji, na keshokutwa nyumba hii inapokea washenga wa binti yangu Neema.

Mama aliletwa kutoka kwao Mbulu baada ya kupooza upande wa kushoto. Baba Neema alimbeba mwenyewe kutoka kwenye gari, akamlaza kwenye kochi, na siku ya pili akarudi kambini kwenye kazi yake ya barabara. Chumbani Mama hakutaka. Alitaka aone watu wakiingia na kutoka. Nikakubali. Sikujua kwamba mwili wake haumwambii tena wakati wa kwenda chooni.

Nimejaribu kila ninachokijua. Ingekuwa miaka ile kabla ya uhaba huu ningenunua mche mzima wa sabuni, nikasugua, yakaisha. Sasa hivi rafu za duka la ushirika zina vumbi na viberiti visivyowaka. Mara ya mwisho sabuni ilipokuja nilipanga foleni tangu alfajiri, nikapata kipande cha kuogea, tena kwa kubana. Kwa hiyo nikageukia majivu. Nilichuja maji yake, nikasugua kitambaa, harufu ikatulia siku moja. Nikanunua magadi sokoni, haya haya ya kupikia makande, nikayasaga, nikayanyunyiza, nikayaacha yalale humo, kisha nikayakung'uta. Yalisaidia juu juu. Mtu akikaa tu, sponji inajikamua na harufu inapanda upya.

Jumatatu nilichoma majani ya mkaratusi kwenye kigae na kufunga madirisha. Nyumba ikanuka mkojo na mkaratusi. Nikalia. Mtu mzima, mwalimu wa darasa la nne, nalia kwa ajili ya kochi! Lakini siwezi kulibadilisha. Sponji siku hizi haipatikani hata Arusha.

Jumanne akaja jirani yangu, Mama Josefu. Aliingia hatua mbili, akasimama, akavuta pua.

"Mama Neema, washenga utawakalisha wapi?"

Nikamjibu palepale, Mama akiwa amelala mbele yetu: "Sijui, dada yangu. Huyu bibi ameniharibia nyumba. Laiti angebaki kwao mpaka posa ipite."

Nilisema hivyo. Hata sauti sikushusha.

Miaka ishirini nimeamini kwamba mama mkwe wangu hasikii Kiswahili zaidi ya salamu. Mimi ni Mrangi, yeye ni Mwiraqw. Tunaelewana kwa Kiiraqw changu cha kuungaunga na kwa mikono. Siku hiyo alikuwa amegeukia ukutani, nikadhani amesinzia.

Jumatano asubuhi nilimkuta sakafuni, kwenye ngozi yake ya ng'ombe. Sijui aliteremkaje na upande mmoja. Niliona aibu kidogo, halafu nikafurahi. Hili ndilo linaloniuma, nilifurahi. Nikapasua mshono, nikatoa sponji, nikaitia kwenye beseni la maji ya majivu na kuikanyaga kwa miguu kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Ya nne yakatoka karibu meupe. Nikaitundika barazani ipate upepo, maana jua hakuna. Jana yote nilishughulika na sponji. Mara mbili nilimruka Mama pale chini nikiwa na beseni mkononi. Niliona ile ngozi ya ng'ombe aliyolalia ni kavu, nikasema afadhali.

Leo mchana nimerudi kutoka shuleni, Neema akanishika mkono mlangoni.

"Mama, Bibi hajanywa kitu tangu juzi. Uji wake anaumwaga kwenye kopo nyuma ya mlango. Nimeliona sasa hivi."

Nikapiga magoti. Midomo imempasuka, ulimi mweupe. Nikasogeza kikombe cha maji, akafunga mdomo. Nikambembeleza kwa Kiiraqw changu kibovu. Akafungua macho, akanijibu polepole, kwa Kiswahili:

"Mama Neema, nikinywa nitaharibu tena. Ngoja wageni waondoke. Nitakunywa Jumapili."

Jumapili!

Nikakitua kikombe kwa pupa, nusu ya maji ikamwagikia kanga yangu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilisema neno baya." Hakusema kwamba amenisamehe. Alisema Neema ni mjukuu wake wa kwanza, na hataki hao washenga wa Singe wakasimulie kwao kwamba ametoka nyumba ya mikojo.

Neema alisikia yote. Akaja akakaa sakafuni, akaweka kichwa cha bibi yake mapajani.

"Bibi, kama hunywi, Jumamosi mimi sitoki chumbani. Washenga waongee na kochi."

Mama akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akanywa. Kijiko kwa kijiko, maji ya uvuguvugu yenye chumvi na ile sukari niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya chai ya washenga. Mpaka jioni amemaliza vikombe viwili.

Muda mfupi uliopita Neema ameniita kwa kelele. Nimekimbia nikijua yamekwisha. Kumbe Mama amelowa, kanga na ngozi vyote. Ni mkojo kidogo, wa kahawia, unanuka kuliko siku zote. Nimesimama pale nikamshukuru Mungu kwa sauti, kama mwendawazimu.

Lakini yeye amejifunika uso na kugeukia ukutani tena.

Sponji bado mbichi. Haitakauka. Kesho nitaomba ruhusa shuleni nimtafutie Mama gari la kumpeleka hospitali. Wakimruhusu kurudi, Jumamosi atakaa sebuleni, kwenye kochi lisilo na sponji, juu ya ngozi yake, na washenga nitawaambia mlangoni: mama mkwe wangu anaumwa, hawezi kujizuia, karibuni hivyo hivyo. Wakiziba pua, afadhali Neema awaone mapema.

Haya nayaweza. Lililobaki, aibu niliyomtia, siliwezi peke yangu.

Kikombe cha tatu kiko hapa mezani, kimeanza kupoa. Nakipeleka. Je, atafungua mdomo?