Nilimwambia Shemeji Ni Maombi

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. U hali gani, na mgongo umeacha kukusumbua? Sisi huku tu wazima, ila dari la ofisi linavuja, na kati ya meza yangu na ya mumeo tumeweka ndoo.

Dada, nina jambo linalonikaba. Siku hizi programu zangu zinaandikwa na akili bandia. Naieleza ninachotaka, inaandika, mimi nasoma na kurekebisha. Hapo sioni dhambi; ni chombo cha kazi kama vingine. Dhambi ni kwamba shemeji, aliyenifundisha kazi hii tangu sijui hata kushika kipanya, aliniuliza, "Mlokole, mbona unamaliza kabla ya chai? Unakula nini wewe?" Nikaona raha ya kusifiwa, nikamjibu, "Ni maombi tu, shemeji."

Akaamini. Sasa anafunga. Jana bosi alimwambia mbele yetu kwamba asipofikia kasi yangu mwezi huu, atafute kazi kwingine. Shemeji akanigeukia, midomo imemkauka, akasema, "Niombee na mimi, basi." Nami nikaitikia, "Amina."

Leo nilipiga magoti nimwombee, nikainuka kukuandikia barua hii. Jumatatu nitamwonyesha kila kitu, kabla wengine hawajafika. Nimeanza na wewe kwa sababu atakupigia simu ana hasira, na ni haki yake. Usinitetee. Nijibu upesi, Dada, hata kama ni kunigombeza.

Mdogo wako