Sanda kwenye Begi la Safari

Kigombe, Tanga
14 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Maryam,

Marahaba ya ile shikamoo uliyompa Shaib aniletee. Nasi twakuulizia hali, wewe na watoto, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua. Sisi ni wazima wa kujikongoja: mimi magoti, babako macho. Alhamdulillahi.

Barua hii anakuletea Shaib huyo huyo. Sikupiga simu kwa kuwa simu ya nyumba hii ni moja, nayo hukaa mfukoni mwa babako.

Maryam, nina hofu. Wajua tunavyoishi tangu mamako atangulie mbele ya haki. Pensheni ya babako ya reli ndiyo inayotuweka: mchele, umeme, na vidonge vyangu vya presha. Mimi nililima mihogo umri wangu wote. Huko kwenu Pemba mzee wa sabini hupata chake cha serikali kila mwezi hata kama hakuajiriwa. Upande huu mhogo hauna kiinua mgongo, ingawa mgongo ndio huo umeinama. Kwa hiyo huyu kaka yangu, babako, akikohoa, mimi ndiye ninayeishiwa pumzi.

Sasa kakako Tahiri. Tangu duka lake la huko mjini Usagara lifungwe, mapenzi yake kwa baba yamezidi. Sisemi vinahusiana, nasema vimefuatana. Juzi alikuja kufungasha nguo za mzee. Jumamosi atakuja kumchukua akakae kwake Usagara, siku kumi tu, akaonwe na daktari wa macho.

Nikamsaidia kukunja kanzu. Chini kabisa ya begi nikaiona sanda, ile aliyoletewa babako kutoka Makka, ambayo siku zote huiweka sandukuni.

"Tahiri mwanangu, macho na sanda wapi na wapi?"

"Shangazi nawe. Tahadhari tu."

Safari ya siku kumi haibebewi sanda. Babako anahamishwa moja kwa moja, ila hakuna aliyelitamka.

Unamkumbuka jirani yetu Mwalimu Khatib? Wanawe walimchukua mjini, Mabawa, wakawekeana zamu, mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule. Pensheni ikitoka, kila mmoja zamu ni yake. Ikiisha, kila mmoja ana wageni. Alirudi Kigombe kuzikwa. Hilo namwogopea babako. Na mimi nitabaki na nani katika vyumba vitatu? Hilo najiogopea mwenyewe, sikufichi.

Wewe anakusikiliza. Mpigie kabla ya Jumamosi, Tahiri akiwa hayupo, umwulize neno moja tu: baba, wataka kukaa wapi? Katika sisi wote tunaomgombania hakuna aliyemwuliza. Hata mimi ninayemtilia chai kila asubuhi sijamwuliza. Naogopa atasema Usagara.

Nisalimie mumeo Masoud, na wajukuu zangu Khadija na Kombo. Mola awape afya, na akujaalie uzee usio na wa kuugombania.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Saleha