Siku Mama Alipoingia Fainali

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini u mzima, wewe na wifi na watoto, na kile kikohozi kimekuacha upumue. Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu, maana jana nusura anitoe roho.

Ule usukani wa mchezo wa magari wa kwenye skrini uliotuma, baada ya daktari wa mazoezi kusema utaufaa mkono wa mama wa kushoto uliolegezwa na kiharusi, mimi nilidhani utaishia kabatini. Wapi! Hauachi. Na haendeshi tu, kwanza analipanga gari kulingana na njia. Anapandisha au kushusha bawa la nyuma, lile linaloligandamiza gari chini, anakaza springi, anaamua usukani ukate haraka au polepole. Njia ya milimani, yenye kona za kubana, huuweka ukate haraka, ili kiganja kikisogea kidogo tu gari liwe limeshageuka. Mkono wake hauwezi zaidi ya hapo.

Jana kulikuwa na mashindano kwenye ukumbi wa vijana hapa mtaani. Alijiandikisha bila kuniambia! Akamtoa kinyozi, akamtoa na mwalimu wa chekechea, wote kule milimani. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Fainali akakutana na fundi simu wa duka la chini, bingwa ambaye hajawahi kushindwa pale. Kura ya njia ikapigwa, ikaangukia ile ya uwanja wa ndege: nyoofu, ndefu, kona zake pana na za mwendo mkali.

Kaka, usukani unaokata haraka kwenye mwendo ule ni balaa. Ukipiga chafya tu, gari liko ukutani. Ukiuweka wa polepole, unataka mikono miwili yenye nguvu. Nikamwinamia mama sikioni.

"Mama, inatosha. Twende nyumbani."

"Hebu sogea, unanizibia skrini."

Fundi simu, mtu wa adabu zake, naye akajaribu. "Mama, kama umechoka, tugawane tu ushindi."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Mama akauacha usukani vilevile, ukate haraka, akapandisha bawa la nyuma karibu lifike mwisho. Hapo nikamwelewa. Nyuma ya gari ingeng'ang'ania barabara hata usukani ukirukaruka, ila kwenye unyoofu bawa hilohilo lingemvuta kama aliyesahau kuachia breki. Fundi simu yeye akalishusha lake chini kabisa, apate mwendo.

Wakaondoka. Kwenye unyoofu fundi simu akampita kama amesimama. Ikija kona, yeye anapunguza mwendo kwa woga wa kuteleza, mama anaingia bila kugusa breki na kumkuta palepale. Akimpita, anapitwa. Mimi nilikuwa nimeng'ata ncha ya kitenge changu, nautazama ule mkono. Ulianza kutetemeka. Nikamwona anaubana kiwiko ubavuni ili utulie, macho hayabanduki.

Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, wako sambamba. Vidole vikamteleza. Mkono wa kushoto ukaanguka mapajani, akabaki na wa kulia peke yake. Gari likayumba, likapanda nyasi, ukumbi mzima ukasema "Aaah!" Akalirudisha barabarani, lakini fundi simu alikuwa ameshavuka mstari.

Watu walimshangilia kuliko bingwa. Fundi simu akaja kumshika mkono kwa mikono yake miwili. Mama akatangulia kutoka nje. Tulipofika nyumbani, akakaa kitandani, machozi yakaanza kumtoka. Nikadhani kiharusi kimerudi, nikamshika uso, nikamwomba atabasamu nione kama mdomo umepinda.

"Niache! Nimekasirika," akasema. "Nilikuwa nampata yule! Bawa nimelizidisha. Ningelishusha kidogo tu, asingeniacha kwenye unyoofu."

Kaka, nilikaa sakafuni nikacheka huku nalia. Tangu augue, ukimuuliza dirisha lifungwe au liachwe, jibu lake ni "sawa tu". Ukimkosea, sawa tu. Jana ndiyo mara ya kwanza tangu hapo namwona mama yetu amekasirika, mama yule yule wa kutufokea mpaka majirani wanafunga milango.

Leo kamwita fundi simu aje warudie. Wako sebuleni sasa hivi, wanabishana kuhusu springi. Basi ukipiga simu, nakuomba, usimwambie apumzike. Atakukatia.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na mwambie baba mdogo akija huko kwamba tunamkumbuka. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kitinda mimba.