Kura Zilizokuja na Salamu

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba. Na mama je, anakula? Mimi mwili mzima, Alhamdulillahi, vitenge vinatoka kidogokidogo, ila moyo unawaka. Nikiswali, nikifika kwenye dua, jina la Bakari linalitangulia la marehemu baba. Mungu anisamehe, maana silitaji kwa heri.

Unajua chama chetu cha kuzikana kilikuwa na kura za maoni, tupate mtu mmoja wa kumpeleka mkutano mkuu agombee uenyekiti. Tulibaki wawili, mimi na Bakari, ambaye ndiye katibu. Tangu alipotukalisha na maiti ya mume wangu, akidai kikao cha kutoa sanda hakijatimia, niliapa hatakishika chama hiki mimi nikiwa hai.

Mara hii wazee waliorudi huko Kilwa wakaruhusiwa kupiga kura kwa bahasha: juu jina lako, ndani karatasi yenye jina la unayemtaka, unaikabidhi kwa kondakta wa basi, inakuja kwa katibu. Mimi ndiye niliyeshupalia jambo hilo. Kumbe najichimbia shimo.

Jumapili tukakaa barazani kwenye madrasa, pale Msimbazi. Bakari akafungua bahasha ya mama, akaisoma huku akiiga sauti ya kizee: "Mwanangu Zuhura, kura yangu ni yako. Je, kifua kimepona? Usilale na nguo mbichi." Watu wakavunjika mbavu. "Hii kura au barua ya posa?" akasema. "Imeharibika!" Akaikunjakunja, akaitupa chini. Karatasi ya mama yetu, Somoe, chini kwenye makubadhi ya watu.

Na zangu zote zilikuwa hivyo. Nani wa kwetu atatuma bahasha kavu, bila kumjulia mtu hali? Zake ndizo zilizokuwa safi: jina lake, basi.

Niliiokota ya mama. Nilipokuwa nimeinama ndipo akili ikanijia. Nikasema, "Bwana Katibu, tuonyeshe bahasha ya Bi Tatu."

Bi Tatu, mama yake mzazi! Akababaika, akaitoa. Ndani: Bakari. Hakuna kingine.

"Mama yako kakuandikia hivi? Hata kukuuliza kama umekula?"

Mzee Issa muuza kahawa akadakia, "Bakari bwana, huyu mama yako au benki? Watu wa kwetu hata samaki mkavu wanamfunga pamoja na salamu! Hizi zimeandikwa hapahapa mjini."

Kicheko kikahama upande.

Wajumbe wameamua kura irudiwe. Bahasha zitakaa kwa Mzee Issa, salamu ni ruhusa, na kila karatasi itasomwa mbele ya wote. Nani asome? Nikasema, Katibu. Asimame, asome kama alivyomsoma mama. Jirani yangu wa kizimba cha sokoni ananiambia, "Shoga, yaishe, umeshashinda." Yataisha, lakini si leo.

Sasa nakutuma, dada. Waambie wote waandike upya, na wasifupishe. Mama arudie yote, mpaka habari za kuku wake. Halafu uende kwa Bi Tatu. Muulize kama alipiga kura, umwambie jina lake lilitumiwa na nani. Usimpambie.

Nisalimie shemeji, na wifi mwenye mapacha, na mwalimu wetu wa chuo, mwambie aniombee moyo laini, ila asiharakishe.

Na Bi Tatu akitaka kumkaripia mwanawe, mzuie. Amsalimie tu humo kwenye karatasi ya kura, kwa kirefu, kama mama. Amuulize ni Idi ya ngapi hii hajafika kumwona. Kura ampe amtakaye, hata Bakari mwenyewe. Mimi nitakaa mkeka wa mbele, nimsikilize akisoma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zuhura